SOMO LA AFYA: MAGOTI YANAYOUMA

Wengi wetu tuliopita umri wa miaka 50 huamka na magoti mazito. Tukipiga hatua chache yanalegea, lakini jioni baada ya kazi maumivu hurudi. Mmoja husema, "Ni baridi yabisi." Mwingine husema, "Ni uzee tu, kaa upumzike." Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Ugonjwa huu ni nini?
Ni kuchakaa kwa kiungo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nao, na goti ndilo linaloshikwa zaidi. Baridi yabisi ni ugonjwa mwingine: hupenda viungo vidogo vya mikono yote miwili, na ugumu wa asubuhi huweza kupita saa moja. Ugumu wa kiungo kilichochakaa kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa.

Goti linafanyaje kazi?
Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza kama kile cha mwisho wa mfupa wa kuku. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, nao huingia vizuri mguu unapokanyaga na kuachia. Mtu asipotembea, gegedu hukosa chakula na misuli ya paja hunyong'onyea. Hivyo maumivu huzaa kukaa, na kukaa huzaa maumivu.

Tufanye nini?
1. Tembea kila siku mahali tambarare. Maumivu yakizidi kidogo usiogope, maadamu yametulia kesho yake. Yasipotulia, punguza mwendo, lakini usiache.
2. Imarisha paja. Ukiwa umeketi kitini, nyosha mguu mmoja mbele, hesabu mpaka 5, ushushe polepole. Fanya mara 10 kila mguu.
3. Mnene apunguze uzito. Kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua.
4. Shika fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande unaouma.
5. Kwa kufua na kupika, tumia kiti kirefu badala ya kuchuchumaa. Ndoo moja iliyojaa igawe safari mbili.

Vipi kuhusu vidonge?
Hapa pana hatari. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, lakini haziponyi gegedu. Mtu anayezinunua dukani na kuzimeza kila siku huweza kupata vidonda vya tumbo, kutokwa damu, na kuharibika figo. Mwenye shinikizo la damu yumo hatarini zaidi. Dawa ya kupaka gotini ni salama zaidi kuanzia. Muulize mganga wa zahanati kwanza.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na mwili ukapata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na goti lililoharibika kabisa laweza kubadilishwa kwa upasuaji. Kazi hiyo hufanywa hata hapa Tanzania, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Neno kwa ibada zetu
Wako wazee walioacha kuja kanisani kwa sababu hawawezi kupiga magoti. Huo ni msiba usio wa lazima. Aliye mgonjwa aketi bila haya, na vijana wasimtazame kwa mshangao. Hata kule kutembea kuja kanisani ni sehemu ya dawa yake.

Maswali ya kuzungumza vikundini
1. Je, nyumbani kwako mzee huambiwa atembee au akae?
2. Ni kazi gani za nyumbani tunaweza kuzifanya bila kuchuchumaa?
3. Nani katika mtaa wetu haonekani tena ibadani, na nani atakwenda kumwona wiki hii?