MBONO UPI? SOMO LA MAJINA YA MIMEA



Vikundi vingi, hapa Makupa na vijijini ng'ambo ya kisiwa, vina vitalu vya miche ya maua na ya ua. Mnunuzi akisimama kuuliza, "Huu waitwaje?" twamjibu kwa jina la nyumbani. Jina la nyumbani ni zuri, ila lina shida moja: mara nyingine jina moja hubeba mimea miwili. Mwezi huu tujifunze kwa mfano wa mbono.

Mibono miwili

Wako wanaouita mbono ule mbarika, ambao mafuta yake huuzwa dukani kwa kufungua tumbo. Na wako wanaouita mbono ule mti wa ua ambao mbuzi hauli. Huko Tanzania huitwa pia mbono kaburi, kwa kuwa hupandwa kuzunguka makaburi. Sasa fikiria mtu aliyesikia kwamba mafuta ya mbono ni dawa, naye akachuma mbegu za uani na kuzitafuna. Atatapika, ataumwa tumbo na kuharisha sana. Mtoto mdogo aweza kuishiwa maji mwilini na kufa. Hatari zaidi ni kwamba mbegu hizo zina ladha tamu kama njugu.

Jina la kitaalamu

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alitoa kitabu kilichoupa kila mmea jina la maneno mawili. Neno la kwanza ni la ukoo, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la mmea wenyewe, kwa herufi ndogo. Ukiandika kwa mkono, yapigie mstari chini. Jina hilo ni moja Mombasa, India na Brazili.

Mbarika ni Ricinus communis. Ricinus ni kupe kwa Kilatini, kwa maana mbegu yake yenye madoa yafanana na kupe aliyeshiba. Mbono wa ua ni Jatropha curcas. Jatropha latokana na maneno mawili ya Kigiriki, daktari na chakula. Jina hilo lisikudanganye! Si chakula, wala si dawa ya kujitibu nyumbani.

Ndugu zake wa bustanini

Ukoo wa Jatropha una vichaka vya mapambo tunavyoviuza kila siku:

1. Jatropha integerrima, wenye maua mekundu mwaka mzima. Asili yake ni Kuba na visiwa jirani.
2. Jatropha podagrica, wenye shina lililovimba chini. Jina lake lamaanisha mguu wenye jongo.
3. Jatropha multifida, wenye majani yaliyochanwachanwa. Tunda lake la manjano huvutia watoto.

Ukijua ukoo, umeshaonywa: mbegu na utomvu wa hawa wote si wa kuliwa.

Kuwatambua

Mbarika una majani yenye ncha nyingi kama vidole, kingo zake zina meno, na matunda yana miiba laini. Jatropha curcas una majani yenye kingo laini, na tunda lisilo na miiba, lenye mbegu nyeusi. Lakini hata mbegu mbichi za mbarika ni sumu kali. Mafuta ya dukani yamesafishwa kiwandani.

Jina na pesa

Jina la kitaalamu laweza pia kutumika kutupofusha. Miaka ya 2000 wakulima wengi wa Kenya waliambiwa Jatropha ingewatajirisha kwa mafuta ya magari. Utafiti uliotolewa mwaka 2009, ambao taasisi ya misitu ya KEFRI ilishiriki, ulikuta mavuno ni haba, na ukashauri upandwe kwa ua tu. Ua ni faida tosha. Mafuta yake hutengeneza sabuni, na makapi ni mbolea, usiwape mifugo.

Kazi ya kikundi

Kila mche uwe na kibao chenye jina la nyumbani, jina la kitaalamu, na neno SUMU panapostahili. Kibao ni kipande cha mkebe tu, hakigharimu kitu. Mtoto akila mbegu, usimlazimishe kutapika wala usimpe dawa za kienyeji. Mkimbize hospitali, na uchukue tawi na mbegu ili daktari ajue ni mbono upi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwetu, nani huita mbono mti gani?
2. Ni mimea gani mingine kitaluni inayotumia jina moja?
3. Nani ataandika vibao, na lini?