Safari ya Siku Moja Kwenda Kuona Mti wa Kale: Panga Kurudi Kabla ya Kupanga Kwenda

Likizo za shule zinapokaribia, ni kawaida kwa walimu, viongozi wa vijana na familia kuuliza jinsi ya kuingia Msitu wa Mau Kusini Magharibi kwa miguu ili kuona miti mikubwa ya kiasili. Ni jambo jema. Mtoto aliyekulia kwenye chai na mikaratusi anaweza kufikisha miaka kumi na minane bila kusimama hata mara moja chini ya mti ambao haukupandwa na mtu.

Hata hivyo, safari ya namna hii hupimwa kwa mambo mawili tu: watu wote warudi kabla ya mvua na giza, na mti ubaki kama ulivyokutwa. Somo hili linaeleza jinsi ya kupanga ili yote mawili yatimie.

1. Ujue msitu unaouingia

Mau ni mmoja kati ya minara mitano mikuu ya maji nchini, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon na Cherangani. Sehemu ya Kusini Magharibi ndiyo inayopakana na mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Mito ya Itare na Kiptiget huanzia huko, ikaungana na mingine kuwa Mto Sondu unaoingia Ziwa Victoria. Nyangores, unaopita mjini Bomet, hutoka Mau pia na kuelekea Mto Mara. Kwa hiyo maji ya bomba, umeme wa Sondu na majani ya chai vyote vina deni kwa msitu huu.

Msitu umepungua. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 60,000 kutoka Mau, na sehemu ya hizo ilikuwa upande wetu wa Kusini Magharibi. Ripoti ya Kikosi Kazi cha Waziri Mkuu ya mwaka 2009 ilieleza madhara yake kwa mito na watu. Ukanda wa chai ya Nyayo, ulioanza mwaka 1986, ulikusudiwa kuwa mpaka kati ya mashamba na msitu. Ndiyo maana kila mti mkubwa uliobaki una thamani kuliko mbao zake.

2. Chagua mti kwa ushauri, si kwa uvumi

Majina ya vijiji vyetu yanaonyesha jinsi wazee walivyoijua miti: Silibwet, Masaita, Simotwet. Ndani ya msitu, miti mitatu huwavutia wageni zaidi.

Simotwet, yaani mugumo, mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine. Ndege huangusha mbegu kwenye tawi, mizizi ikashuka hadi ardhini, ikamzunguka mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza. Kwa hiyo shina la mugumo mkubwa linaweza kuwa na uwazi katikati.

Masaita ni mti wa mbao nzito sana, hukua polepole na shina lake huonekana kama lina misuli.

Tendwet, ambao wataalamu huuita Prunus africana, una gome jeusi lenye nyufa. Gome lake huuzwa kwa dawa ya tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini. Mti huu ukichunwa gome pande zote, hufa ukiwa umesimama.

Mwulize msimamizi wa kituo cha misitu ni mti upi unaofikika kwa njia iliyopo tayari. Mti usio na njia uachwe. Kikundi kimoja kikifyeka njia leo, mwenye msumeno ataitumia kesho.

3. Ruhusa na mwongozaji

Mau Kusini Magharibi ni msitu wa serikali ya kitaifa, chini ya Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS). Fuata hatua hizi angalau wiki mbili kabla ya safari:

Kwanza, nenda kwenye kituo cha misitu kilicho karibu nawe. Eleza idadi ya watu, umri wao, tarehe na mti mnaotaka kuuona.

Pili, omba mwongozaji kutoka chama cha jamii cha uhifadhi wa misitu. Vyama hivi vinatambuliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, na wanachama wake wanajua vivuko, mapito ya wanyama na mahali mizinga ya nyuki ilipotundikwa. Mkubaliane malipo yake mapema.

Tatu, ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen. Usimpe mtu yeyote pesa taslimu langoni, na utunze risiti.

Nne, kama mtapita katika barabara za ndani za shamba la chai, ombeni ruhusa kwa kampuni husika. Barabara hizo si za umma.

Tano, mwachie chifu au mzee wa kijiji orodha ya majina, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Huyo ndiye atakayeanza kuuliza msipoonekana.

Sheria hiyo ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila idhini, na inaweka masharti kwa anayekuwa msituni kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Safari ya siku moja isikaribie muda huo hata kidogo.

4. Hesabu ya saa

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Watu hupanga saa ya kufika, wakasahau saa ya kugeuka.

Katika eneo letu asubuhi mara nyingi huwa nyeupe. Kadiri jua linavyopanda, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria husukumwa kuelekea milimani, hupoa na kuwa mawingu mazito. Mchana ukisonga, huja ngurumo, mvua, na mara nyingi mvua ya mawe ambayo mkulima wa chai haihitaji kuelezwa. Desemba hadi Februari huwa na nafuu, lakini hakuna mwezi usio na mvua kabisa. Aprili na Mei haifai kupeleka watoto.

Tuseme mti uko kilomita 5 kutoka langoni. Kwenye barabara ya murram mtu hutembea kilomita 4 au 5 kwa saa. Msituni, penye matope, mizizi na watoto, hesabu kilomita 2 kwa saa.

Kuondoka langoni: saa 1:30 asubuhi.
Kutembea saa mbili na nusu, na mapumziko ya nusu saa: kufika saa 4:30.
Kukaa kwenye mti dakika 45: kuondoka saa 5:15.
Kurudi kwa mwendo uleule: langoni saa 8:15 mchana.

Sasa weka saa ya kugeuka: saa sita kamili. Ikifika saa sita na mti haujaonekana, kikundi kizima kinageuka, hata kama mwongozaji anasema umebaki mwendo wa dakika kumi. Mkigeuka saa sita, mtafika langoni saa tisa. Mkigeuka saa nane, mtafika saa kumi na moja, mmelowa, na mito imejaa. Saa ya kugeuka itangazwe langoni mbele ya wote, na mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia saa tu.

Mwendo wa kikundi ni mwendo wa mtu wa polepole zaidi. Mwongozaji atangulie, mtu mzima mmoja awe wa mwisho, na asiwepo wa kumpita aliye mbele au kubaki nyuma ya aliye mwisho. Kikundi cha watu 12 kinatosha.

5. Radi, mto na ndovu

Radi. Mti mrefu ndio mahali pabaya pa kujikinga, na mti wa kale mara nyingi ndio mrefu kuliko yote. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi inaweza kuwafikia. Ondokeni kwenye mti mkubwa na sehemu za juu, mwende penye miti mifupi, msisimame mmekumbatiana, wala msiguse mashina.

Mto. Mvua ikinyesha juu msituni, mto hujaa huku mlipo ikiwa bado ni jua. Maji yakibadilika rangi au yakianza kubeba majani na vijiti, msivuke. Kivuko cha asubuhi kisihesabiwe kuwa kivuko cha mchana.

Wanyama. Mau ina ndovu, nyati na chui. Mbega juu ya miti hawana neno. Kinyesi kibichi cha ndovu au matawi yaliyovunjwa muda huohuo ni sababu tosha ya kurudi. Anayeamua ni mwongozaji, na uamuzi wake haujadiliwi. Anayeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na viatu vya kubana, abebwe hospitalini haraka. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Mawasiliano ya simu hayapatikani kila mahali msituni, kwa hiyo mwulize mwongozaji ni wapi pa mwisho penye mtandao.

6. Mkifika kwenye mti

Mizizi inayolisha mti haiko chini sana. Mingi iko ndani ya nusu mita ya juu ya udongo, na huenea hata kupita mwisho wa matawi. Udongo huo ukikanyagwa na watu wengi hushindiliwa, maji na hewa visipite, na mti ukadhoofika polepole bila mtu kuona.

Haya yametokea kwingine. Huko California, Marekani, mti uitwao Hyperion, wenye urefu wa zaidi ya mita 115, ulipata umaarufu baada ya kupimwa mwaka 2006. Wageni walikanyaga ardhi mpaka mimea iliyozunguka shina ikatoweka. Mwaka 2022 hifadhi ilifunga eneo hilo, na anayeingia anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kufungwa hadi miezi sita. Huko Florida, mti ulioitwa The Senator, uliokadiriwa kuwa na miaka 3,500, uliteketea Januari 2012 kwa sababu ya mtu mmoja aliyewasha moto ndani ya uwazi wa shina ili apate mwanga.

Kwa hiyo:

Simameni nje ya ukingo wa matawi, pale matone ya mvua ya matawi ya mwisho yanapoangukia. Wakaribie wawili wawili, kwa njia moja, kwa muda mfupi.
Msichonge majina, msipande, msikate gome wala kijiti cha kumbukumbu.
Msiwashe kitu chochote ndani au karibu na shina. Mizinga ya nyuki ina wenyewe, wengi wao Waogiek na majirani wa msitu, msiiguse.
Mkipiga picha, msisambaze ramani ya mahali mti ulipo.

Msitangaze umri wa mti. Nchi zenye majira ya baridi kali, mti huweka duara moja kila mwaka. Kwetu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, maduara hayo hayaaminiki, na mti mnene unaweza kuwa mdogo kwa umri kuliko mwembamba. Kinachopimika ni urefu. Chukua kijiti chenye urefu sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi ukiwa umenyoosha mkono. Kishike wima, rudi nyuma hadi kijiti kifunike mti kutoka chini hadi kileleni. Umbali kati yako na mti ni sawa na urefu wa mti. Njia hii inataka ardhi tambarare na mahali pa wazi, kwa hiyo fanyeni mazoezi shuleni kwa mkaratusi au nguzo ya bendera.

7. Vya kubeba

Gambuti au viatu vyenye meno. Soksi za akiba. Koti la mvua. Sweta ndani ya mfuko wa nailoni. Mtu aliyelowa kwenye mwinuko wetu wa mita 2,000 na zaidi hupata baridi haraka.
Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, viazi vitamu, chapati, chupa ya chai yenye sukari.
Filimbi kwa kila mtoto. Milio mitatu maana yake ni "nimepotea". Aliyepotea asimame hapo hapo.
Tochi, simu yenye chaji, bandeji, na dawa za wenye pumu au kisukari.
Gunia moja la kurudisha takataka zote, hata maganda.

8. Zoezi la kikundi

Kabla ya kulipa ada yoyote, kaeni pamoja mjibu maswali haya kwa maandishi:

Ni nani wa polepole zaidi kati yetu, na anatembea kilomita ngapi kwa saa kwenye matope?
Saa yetu ya kugeuka ni ngapi, na ni nani mwenye saa?
Nani kijijini ana orodha yetu, na ataanza kututafuta saa ngapi?
Ikinyesha tukiwa chini ya mti, tutaenda wapi?

Kikundi kisichoweza kujibu swali la kwanza kianze na matembezi mafupi kwenye bustani ya miti ya Chagaik, karibu na mji wa Kericho nje ya barabara ya Nakuru, kipime mwendo wake hapo. Msitu hauna haraka. Mti uliosubiri tangu kabla ya chai kufika nchi hii utasubiri hadi Januari.