Karata za kinyume: silabi ihesabiwe vipi?

SWALI: Nafundisha Palma, Cabo Delgado. Wanafunzi wangu wanakusanya na kubadilishana karata za maneno tulizojichorea. Karata ya “Kinyume” inamtaka mchezaji ahamishie silabi ya mwisho mwanzoni. Ugomvi hauishi: “mtu” na “mbuzi” zigeuzwe vipi?

JIBU: Mwalimu, hongera. Kinyume ni mchezo wa asili wa pwani yetu. Edward Steere aliueleza alipoandika juu ya Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19.

Kanuni ya kwanza: pimeni kwa sikio, si kwa herufi. Katika “mtu”, m ni silabi kamili, kwa hiyo tunapata “tum”. Katika “mbuzi”, m imeshikamana na b: mbu-zi, hivyo “zimbu”. Mkibishana, sikilizeni mkazo, ambao kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika “nchi” uko kwenye n. Basi n ni silabi, na jibu ni “chin”.

Ya pili: “baba” na “papa” hazibadiliki. Andikeni kwamba karata hizo hazigeuzwi.

Ya tatu: zawadi iende kwa neno linalozaa neno jingine, kama “mali” kuwa “lima”, au “kata” kuwa “taka”.

Mwisho, kwa kuwa darasani mna Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, kubalianeni lugha kabla ya kugawa karata. Kanuni isiyoandikwa kabla ya mchezo isitumike kumnyang’anya mtoto ushindi wake.