Mchungaji Aliyekataa Kuondoka

Siku hizi vijana wetu, hata huku Haneti penye mibuyu na vumbi, wana simu, na katika simu hizo hutazama picha fupi za sinema. Ziko zinazoonyesha mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, akisimama peke yake mbele ya serikali katili na kuikatalia. Picha hudumu dakika chache tu, kisha watazamaji hubaki wakibishana. Katika mabishano yao swali moja hurudi mara nyingi, wala si swali dogo: Kwa nini hakukimbia? Mtu mwenye akili, aonapo moshi darini, hutoka nje kabla paa halijashika moto.

Swali hili hatutaki kulijibu kwa picha ambayo watu wake wamebuniwa. Twataka kuwapa ninyi walimu wa dini, na kila msomaji, habari za mtu wa kweli, Mlutheri, mwenyeji wa Afrika ya Mashariki kama sisi. Jina lake ni Gudina Tumsa.

Nchi yake ni Uhabeshi, ambayo leo yaitwa Ethiopia. Alizaliwa mwaka 1929 huko Boji katika Wollega, upande wa magharibi, kwa watu wa Oromo. Alisoma katika shule ya misheni ya Waswidi, kisha akafanya kazi katika hospitali ya Nekemte, akiwasaidia waganga wakati wa kupasua wagonjwa. Baadaye aliitwa katika kazi ya Injili, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958. Tangu mwaka 1963 hata 1966 alikuwa Marekani, katika chuo cha Walutheri mjini St. Paul, na aliporudi alifanywa Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, maana yake, Mahali pa Yesu.

Msidhani ya kuwa mtu huyu alianza kusema kweli siku alipoiona bunduki. Mwaka 1972 kanisa lake liliwaandikia waraka Walutheri wa ng'ambo waliokuwa wakiwasaidia kwa fedha. Wale rafiki walikuwa tayari kutoa fedha kwa visima, shule na hospitali, lakini kwa kuhubiri Injili mikono yao ilikuwa mizito. Waraka ulisema ya kuwa mwanadamu ni mmoja, hagawanyiki mwili huku na roho huku, wala si haki mwenye fedha amchagulie mwenzake ni upande upi wa mtu utakaohudumiwa. Gudina alikuwa na sehemu kubwa katika waraka ule. Si jambo jepesi kumwambia hivyo mtu akulishaye. Sisi tuliopokea vingi kutoka kwa rafiki wa mbali twalijua hilo.

Tarehe 12 Septemba 1974 askari walimwondoa Mfalme Haile Selassie katika kiti chake. Halmashauri yao iliitwa Derg. Mwanzoni Wakristo wengi walifurahi, na haifai kulificha jambo hili. Ardhi ilikuwa mikononi mwa wachache. Mkulima alilima, na sehemu kubwa ya mavuno ilikwenda kwa mwenye shamba. Serikali mpya ilipoyatwaa mashamba mwaka 1975, kanisa la Mekane Yesus halikulia pamoja na matajiri. Lilitoa waraka kwa sharika zake mwaka ule ule, likiipokea haki iliyotendwa kwa maskini. Lakini likasema pia ya kuwa mafundisho ya siasa, yawe mazuri namna gani, hayawezi kukaa mahali pa Mungu. Basi hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Maana ziko serikali za namna mbili zilizo kali. Moja yataka kodi na utii, na mtu akiisha kulipa na kunyamaza, humwacha aende zake. Nyingine haitosheki na hayo. Yataka mtu apige makofi, aimbe, amshitaki jirani yake, na akilala aote ndoto zilizoamriwa. Ya Uhabeshi ilikuwa ya namna hii ya pili. Katika miji kila mtaa ulikuwa na chama chake, kilichoitwa kebele, nacho kilijua nani amelala katika nyumba ipi, tena kilikuwa na walinzi wenye silaha. Baada ya Mengistu Haile Mariam kujipatia uongozi wote mwezi wa Februari 1977, yakafuata mauaji ambayo serikali yenyewe iliyaita Hofu Nyekundu. Maelfu ya vijana waliuawa, na maiti zao ziliachwa njiani ili wapitao waone. Mwezi wa Machi mwaka ule askari waliitwaa redio ya Walutheri iliyokuwa Addis Ababa, Sauti ya Injili. Wazee wetu wanaikumbuka, kwa kuwa ilisema hata kwa Kiswahili, na vipindi vyake vilitengenezwa Moshi.

Serikali ya namna hii humwogopa mtu mmoja kuliko inavyostahili, kwa hesabu ya kawaida. Gudina hakuwa na askari. Alichokuwa nacho ni kazi yake, sauti yake, na wenzake: alifanya bidii kuyakusanya makanisa yaliyokuwa yametengana, akawa mwenyekiti wa baraza lao. Lakini mahali ambapo wote wameamriwa kusema ndiyo, mmoja akikataa, watu husikia, na kila mtu hujiuliza juu ya ndiyo yake mwenyewe.

Mwaka 1978 alikamatwa mara ya kwanza, akafunguliwa. Juni 1979 alikamatwa tena, akafunguliwa tena. Rafiki zake waliona wazi mambo yalikoelekea. Ukafanywa mpango wa kumtoa katika nchi, na Rais Julius Nyerere wa Tanzania alikuwa na mkono katika mpango ule. Yaani mlango ulifunguliwa, na mlango wenyewe ulielekea kwetu. Gudina alikataa. Alijibu ya kuwa hapo alipo ndipo lilipo kanisa lake, na ya kuwa kiongozi hawezi kuliacha kundi katika saa ya kujaribiwa. Akataja neno la Paulo katika 2 Wakorintho 5:15. Lisomeni pamoja, ndugu, na mlisome polepole, kwa sababu mtu huyu hakulisoma kama fungu la kukariri.

Tarehe 28 Julai 1979, alipokwisha kuhubiri katika usharika wa Urael mjini Addis Ababa, alitoka pamoja na mkewe, Tsehay Tolessa. Watu wenye silaha, wasiovaa nguo za kiaskari, waliwakamata. Mama Tsehay walimtupa nje ya mji. Gudina walikwenda naye, wakamnyonga usiku ule ule. Serikali haikukiri neno.

Sasa turudi katika swali la vijana. Je, ilimpasa kukimbia?

Hapa Ugogo hakuna amchekaye mtu aondokaye wakati wa shida. Mvua ikikosekana na uwele ukikauka, mume hutwaa mfuko akaenda kuhemea nchi nyingine. Katika njaa ile kuu ya Mtunya, iliyotokea mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza, waliobaki hai wengi ni wale waliokwenda. Na Maandiko hayasemi tofauti. Paulo mwenyewe alishushwa ukutani katika kapu huko Dameski, wala hatusomi ya kuwa aliona haya (Matendo 9:23-25). Bwana aliwapa wanafunzi ruhusa ya kuukimbia mji uwaudhio, waende mwingine (Mathayo 10:23). Kwa hiyo mwalimu wa dini asifundishe ya kuwa akimbiaye ameikana imani. Mafundisho hayo yamewaumiza watu waliokwisha kuumia.

Tena tunao mfano ulio karibu. Mwaka ule ule wa 1977, huko Uganda, maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Idi Amin barua juu ya mauaji na kukamatwa kwa watu bila sababu. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Serikali ikatangaza ya kuwa amekufa katika ajali ya motokaa, na wachache sana walioamini. Luwum alikuwa ameshauriwa kuondoka, akakaa. Lakini mwenzake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliondoka usiku pamoja na mkewe, wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Huyu Kivengere si mgeni kwetu. Katika miaka ya 1940 na 1950 alikuwa mwalimu hapa hapa Dodoma, katika shule ya Alliance, na mahubiri yake yaligusa watu wengi wa Ugogo. Je, tuseme Luwum alikuwa mwaminifu na Kivengere mwoga? Hasha. Kivengere alisukumwa na watu wake mwenyewe, walioona ya kuwa askofu mmoja aliyekufa katika juma moja yatosha. Ugenini hakulala, alikwenda huku na huku akisema habari za Uganda na kuwatafutia wakimbizi msaada, na mwaka 1979, Amin alipokwisha kuondolewa, alirudi kwao.

Basi tofauti iko wapi? Wengine watapeleka jibu katika Yohana 10, mchungaji mwema na mtu wa mshahara, wakadhani wamemaliza. Wafugaji wa Haneti watawajibu ya kuwa mchunga ng'ombe huhama sana, hasa kiangazi. Asilolifanya ni kuhama bila ng'ombe. Twaona neno hili lina nguvu. Kivengere alipotoka, kundi lilijua, lilimtuma, na sauti yao ilitoka pamoja naye. Gudina, kwa jinsi tunavyofahamu sisi, aliona kwake ingekuwa vingine. Sharika nyingi za Wollega zilikuwa katika mateso, wainjilisti wamo vifungoni, wala hao hawakuwa na ndege ya kuwangoja. Kama Katibu Mkuu angaliondoka, mwinjilisti wa kijijini angalijiuliza ameachiwa nini. Bonhoeffer wa Ujerumani alikuwa na mawazo kama hayo mwaka 1939, alipoacha usalama wa New York baada ya majuma machache akarudi kwao chini ya Hitler. Naye alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945.

Lakini twakiri ya kuwa hatuwezi kuifanya sheria. Mtu hawezi kumwamuru mwingine akae. Sisi tukaao salama hatuna ruhusa hata kidogo. Tena kuna namna ya tatu, ambayo picha za sinema haziipendi kwa kuwa haionekani: Obadia alikaa katika nyumba ya Ahabu akifanya kazi ya kila siku, na huku amewaficha manabii mia pangoni, akiwalisha chakula na maji (1 Wafalme 18:3-4). Katika Uhabeshi walikuwako akina Obadia wengi. Sharika zilipofungwa walikusanyika majumbani, wakaimba kwa sauti ndogo. Majina yao hayakuandikwa.

Liko na jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo latuhuzunisha. Mtu mmoja akikataa, halipi yeye peke yake. Gudina alipokataa kuondoka, aliamua kwa ajili yake, lakini gharama ilifika kwa mke na watoto. Mwaka 1980 Mama Tsehay alikamatwa. Aliteswa, akakaa kifungoni karibu miaka kumi, bila kuhukumiwa, akafunguliwa mwaka 1989. Watoto walipoteza baba na mama, na huku mama yu hai. Walimu wa dini, mkiwafundisha vijana habari hizi, msimtaje mume mkamwacha mke. Aliyekufa usiku mmoja ana jina katika vitabu. Aliyeamka asubuhi elfu tatu na zaidi gerezani alilikataa lile lile, kila siku upya, wala hakuna aliyemwona. Mkikaa kulisoma somo hili, tungependa akina mama waulizwe kwanza wanaonaje. Mara nyingi katika sharika zetu huulizwa mwisho, wakati taa imekwisha mafuta.

Mei 1991 majeshi ya waasi yalipoukaribia mji wa Addis Ababa, Mengistu alipanda ndege akakimbilia Zimbabwe. Serikali yake ikaanguka siku zile zile. Mwaka 1992 watu walichimba katika kiwanja cha nyumba iliyokuwa ya mmoja wa wakuu wa zamani, nao wakaiona mifupa ya Gudina. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu. Kanisa lilimzika mwezi wa Juni mwaka ule, mchana, mbele ya watu wote, na Mama Tsehay alikuwa hai kuiona siku ile.