Kumfundisha Mwanagenzi Kupuliza Obo

Mwaka huu mwalimu wetu wa muziki amenikabidhi wanagenzi wawili niwafundishe kupuliza obo katika bendi ya shule. Obo tunayo moja tu. Mpulizaji wetu mkubwa yuko kidato cha nne, na akishaondoka, kama hawa wawili hawajaiva, ala itarudi kabatini ikae na vumbi. Ndiyo maana naandika haya, ili hata nami nikiondoka kuwe na pa kuanzia.

Obo ni nini? Ni ala ya kupulizwa, ndugu yake zumari ya kwetu pwani. Kama umewahi kusikia zumari katika sengenya ya Wadigo, basi sauti unaijua: kali kidogo, inayopenya. Zote mbili hulia kwa kilimi, yaani vipande viwili vyembamba vilivyofungwa pamoja, ambavyo hutetemeka pumzi ikipita katikati. Cha zumari ni cha jani la jamii ya mnazi, cha obo ni cha tete. Obo ilianzia Ufaransa katika karne ya 17, lakini msidhani ni mambo ya Wazungu matupu. Obo nyingi huchongwa kwa mpingo, na mpingo huota hapo kwa jirani zetu Tanzania!

Sasa kufundisha. Siku ya kwanza usimpe ala, mpe kilimi tu. Akitie majini dakika mbili tatu kilainike, maana kikavu hakitoi kitu. Halafu akunje midomo yote miwili kidogo ndani ifunike meno, na ncha tu ya kilimi iingie. Asiume. Kikilia kama jogoo mchanga, shangilieni.

Mjomba wa mmoja wa wanagenzi wangu hupiga zumari harusini, naye alikuja mashavu yamefura kama puto. Kwa zumari hilo si kosa. Mpiga zumari hukitia kilimi chote kinywani, midomo ikaegemea kisahani, akaweka pumzi mashavuni na kuisukuma huku akivuta nyingine puani, hivyo wimbo haukatiki. Kwenye obo midomo ndiyo inayoshika kilimi, na mashavu yakifura midomo hulegea, sauti ikashuka. Sikumwambia asahau ya mjomba wake, hiyo ni mali. Nilimwambia abonyeze mashavu kwa vidole huku akipuliza kilimi, na baada ya siku tatu hivi yakatulia.

Kinachowasumbua wote wawili ni pumzi. Mtu hudhani itamwishia. La! Tundu la kilimi ni jembamba mno, hewa inayotoka ni kidogo, kwa hivyo kifua hubaki kimejaa hewa chafu mpaka mtu anaona kizunguzungu. Mfundishe kutoa pumzi kwanza, ndipo avute mpya. Sisi tunatia alama mbili kwenye karatasi ya nota, moja ya kutoa na moja ya kuvuta.

Vidole sio kazi sana mwanzoni. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto peke yake ni B, ongeza cha kati upate A, ongeza cha pete upate G. Hizo tatu zinatosha wiki mbili.

Shule yetu ni ya kutwa, na jioni kila mtu anakimbilia matatu, kwa hivyo tunapata dakika ishirini tu. Zinatosha, maana midomo huchoka haraka. Mmoja akipuliza, mwingine anaimba sauti ile ile, kisha wanabadilishana. Kila mmoja ana kilimi chake, na ala hupanguswa ndani kwa kitambaa kila baada ya zamu, kwa sababu unyevu hupasua mpingo.

Katika okestra, obo ndiyo huwapa wenzake sauti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, walinganishe ala zao. Ijumaa iliyopita yule wa mashavu aliishikilia A hiyo hadi nikahesabu kumi na mbili, na wapiga filimbi wote wakageuka kutazama.