Soma Herufi ya Leseni Kabla ya Kupakia

Ndugu mkulima, Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Nyanya ulizochuma Jumamosi zimo katika masanduku, lori umekwisha likodi, na dereva uliyemtegemea ameugua. Jirani ana kijana hodari, huendesha pikapu kila siku, na leseni anayo. Je, utampa ufunguo?

Ngoja kwanza. Mwombe leseni uitazame. Mimi nilipokodi lori mara ya kwanza nilisoma jina na tarehe tu nikaridhika. Kumbe jambo kubwa lilikuwa herufi.

Zamani tulizoea leseni ya "BCE": B lori zito, C gari la biashara, E motakaa. Kanuni za mwaka 2020 zilipanga herufi upya, na hapo ndipo wengi hukosea, maana B ya sasa ni gari dogo lisilozidi kilo 3,500. Baba mzee akiiona B hudhani kijana ana ruhusa ya lori zito, kumbe ana ruhusa ya pikapu tu! Lori dogo, la kilo 3,500 hadi 7,500, lina herufi yake, C1. Canter nyingi ziletazo mahindi na viazi Kibuye zimo katika kundi hili. Lori likizidi hapo, dereva awe na C. Likivuta tela kubwa, CE. Mwenye B hapati C1 kwa uhodari. Ni lazima ajifunze lori na kutahiniwa.

Trekta nayo, kama zile zivutazo miwa huko Muhoroni na Chemelil, ni kundi la G, herufi iliyokuwa zamani ya pikipiki. Tena C1 ni ya mizigo. Matatu ya abiria 14 huhitaji D1. Basi usipandishe watu juu ya magunia na kuwatoza nauli.

Labda utasema, "Hilo ni kosa la dereva." Sivyo. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humshika pia mwenye gari au aliyekabidhiwa gari, akimruhusu mtu asiye na leseni ya aina hiyo kuliendesha. Ukikodi lori na kumtafuta dereva wewe mwenyewe, umekabidhiwa. Ajali ikitokea, kampuni ya bima huenda ikakataa kulipa, na lori si lako.

Kwa hiyo mwite dereva Ijumaa, kabla ya kuchuma. Aje na kadi yake, nawe uwe umemwuliza mwenye lori uzito wake. Akiwa na B peke yake, bado una siku moja ya kumtafuta mwingine.