SOMO: KASORO YA PROGRAMU APEWE NANI?

Mashine ya kiwandani ikiharibika, msimamizi humwita fundi. Akimwita yule yule kila siku kwa kuwa ni hodari, fundi huyo atachoka na wenzake hawatajifunza. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu zetu watengenezaji wa programu za kompyuta. Nchini Rwanda, tangu 2015 wananchi huomba vyeti vya serikali kwa njia ya Irembo. Programu ya namna hiyo ikiwa na kasoro, mkazi wa Kabeza hucheleweshewa cheti chake. Lazima kasoro ipewe mtu.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliifundisha kompyuta kupendekeza mrekebishaji kwa kusoma taarifa za kasoro za zamani. Kwa programu ya Firefox mapendekezo yalikuwa sahihi kwa asilimia 64; kwa Eclipse, asilimia 57. Lakini tuangalie: kumbukumbu za zamani humwelekea aliyezoea kupewa kazi. Hazisemi kama leo amelemewa.

Kwa hiyo ugawaji wa haki unataka mambo matatu:

1. Ujuzi: nani anaifahamu sehemu iliyoharibika?
2. Mzigo: ana kazi ngapi mkononi?
3. Mafunzo: asiyejua awekwe pamoja na anayejua.

Maswali ya kujadiliana: Katika idara yenu, nani hugawa kazi? Je, orodha yake huonekana na wote?